Mawe Hayajarudi

Katika karakana ya mizani iliyokuwa nyuma ya mtaa wa maduka ya vyuma, neno "kurudi" lilikuwa na maana yake yenyewe. Fundi aliyetoka kwenda kula akarejea alisemwa amekuja. Aliyeacha kazi kwa hasira kisha akabisha hodi tena alisemwa amejirudi. Lakini kurudi hasa, kurudi kwa kuandikwa, kulikuwa haki ya mawe ya mizani peke yake. Jiwe halikuhesabiwa kuwa limerudi kwa sababu limevuka kizingiti, wala kwa kuwekwa mezani, wala kwa kufutwa vumbi. Jiwe lilirudi pale lilipopimwa na jiwe mama, lile la kulinganishia mengine yote, mshale ukatulia katikati, na watu wawili wakatia saini daftarini. Kabla ya hapo lilikuwa njiani, hata kama limekaa mezani tangu asubuhi.

Msimamizi wa kanuni hiyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye wanawake wa sokoni walimpa jina la Mama Ratili. Ratili zenyewe, kile kipimo cha uzito cha zamani, zilikuwa zimeacha kutumika siku nyingi, na yeye hakupata kupima kwa ratili hata mara moja. Lakini jina la utani ni kama rangi ya mafuta, likishika halitoki kwa maji. Aliingia karakanani akiwa na miaka kumi na tisa, mfagiaji. Fundi mkuu wa wakati ule, mzee ambaye ukali wake unasimuliwa mpaka leo, alimkataza kugusa kitu chochote isipokuwa ufagio na kitambaa. Siku moja katika mwezi wake wa nne alimfuata mzee yule akamwambia, "Mzee, hili la kilo mbili linadanganya."

"Umejuaje? Umepima?"

"Sijapima, umenikataza. Nimelisikia. Mengine nikiyaweka chini yanasema 'du'. Hili linasema 'de'."

Mzee alicheka mpaka akakaa. Kisha akalipima, na kicheko kikakatika. Kipande cha risasi, yale madini mazito yanayojazwa kwenye tundu la chini ya jiwe ili kulisawazisha, kilikuwa kimelegea na kudondoka. Juma lililofuata mfagiaji mwingine alitafutwa. Wanaoikumbuka siku ile hawakubaliani kama mzee alisema "huyu atakuwa fundi" au "huyu atatusumbua". Wote wanakubaliana kwamba yote mawili yalitimia.

Kwa hiyo wakulima wa nafaka walipomfungulia shauri mnunuzi wao mkubwa, ambaye hapa tutamwita Mwenye Ghala kama wao walivyomwita, haikumshangaza mtu kwamba shahidi wao wa kutegemewa alikuwa Mama Ratili. Mizani ya Mwenye Ghala ililetwa kwake kutengenezwa mguu uliovunjika. Alipoifungua, alikuta jiwe dogo linaloteleza kwenye mkono wa mizani limetobolewa na kujazwa risasi. Jiwe likiwa zito kuliko inavyopaswa, mizani husoma pungufu. Mkulima analeta ishirini, anaandikiwa kumi na nane na nusu. Haba na haba hujaza kibaba, na Mwenye Ghala alikuwa amejaza vibaba vingi kwa misimu mingi. Mama Ratili alikataa kuirudisha ile mizani ikiwa na uongo wake tumboni. Wakili wa wakulima alipoiomba kuwa kielelezo, aliikabidhi mahakamani kwa stakabadhi.

Hati ya wito ilimfikia siku ya Jumatatu. Ilimwamuru afike mahakamani siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, pamoja na mawe ya kupimia yaliyothibitishwa. Mumewe, mwalimu mstaafu ambaye mkewe na mtaa mzima walimwita Mwalimu, aliisoma kwa sauti mezani, kisha akaikunja.

"Geuza nyuma," mkewe alimwambia.

"Nyuma hakuna kitu. Ni yale maandishi madogo ya kawaida."

"Mwalimu, mimi nimekula chumvi nyingi kwa kusoma alama ndogo. Geuza."

Mwalimu akageuza, akasogeza karatasi kwenye mwanga. Mstari wa nne ulisema kwamba shahidi aliyeitwa kwa hati ile hatakamatwa kwa hati yoyote ya shauri la madai wakati anapokwenda mahakamani, anapokuwa mahakamani, na anaporudi. Mama Ratili aliomba usomwe tena. Kisha akauliza, "Kwani nani anataka kunikamata?" Wakacheka wote wawili, akaiweka hati katika mfuko wa koti lake la kazi.

Siku ya Jumatano alikwenda na kasha la mbao lenye mawe matano: la kumi, la tano, mawili ya mbili mbili na moja la kilo moja, jumla ishirini kamili. Alilivuta kwa kigari cha magurudumu mawili, akikwepa mashimo, kwa maana jiwe halipendi kurushwa. Kizimbani alikula kiapo, akavaa glavu zake za pamba, akayapanga mawe yote matano juu ya mizani ya Mwenye Ghala mbele ya hakimu. Mkono wa mizani ukatulia kwenye kumi na nane na nusu. Watu waliojaa kwenye mabenchi walivuta pumzi kwa pamoja. Hakimu, mwanamume mkavu wa maneno aliyekuwa akiandika kila kitu kwa mkono wake, aliinuka kwenye kiti akaja kuangalia mwenyewe.

Wakili wa Mwenye Ghala aliomba kumhoji shahidi kesho yake asubuhi. Hakimu akakubali, akaongeza kwa sauti ile ile ya kuandika, "Shahidi atafika kesho saa tatu. Asipofika kuhojiwa, ushahidi wake wote nitaufuta." Hiyo ni sheria ya haki: anayesema sharti aulizwe. Mama Ratili aliitikia kwa kichwa. Aliondoka saa nane na nusu, na saa tisa na dakika tano alikuwa karakanani.

Mwenzake wa kazi alikuwa amekwisha kulitoa jiwe mama kwenye kabati. Huyu aliitwa Sonara, kwa kuwa ujana wake aliumalizia kwenye duka la dhahabu, na mikono yake ilikuwa bado na adabu ya dhahabu. Mama Ratili alifungua kasha, akakaa kwenye stuli kusubiri mawe yapoe jua la njiani, maana jiwe lenye joto halipimwi. Alikuwa bado hajavua viatu vyake vya kutokea.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu. Umeleta mizani au umefuata?"

Aliyeingia alikuwa dalali wa mahakama, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, na nyuma yake wapambe wawili wenye mabega. "Wewe ndiye Mama Ratili?"

"Hilo la sokoni. Lakini nikiitwa naitika."

"Basi itika na hili." Aliweka hati mezani. Ilitoka mahakama nyingine, ya upande wa pili wa mji. Mwenye Ghala alikuwa amefungua huko shauri la madai dhidi ya Mama Ratili, akapata amri arudishiwe mizani yake, na kwa kuwa amri haikutiiwa, hati ikatolewa fundi akamatwe afikishwe kujieleza. Ile amri Mama Ratili hakuwahi kuiona kwa macho. Na mizani yenyewe, watu wote wa mahakama ya kwanza waliiona asubuhi ile ile.

Aliisoma mbele na nyuma. Kisha akatoa hati yake ya wito. "Tubadilishane. Wewe soma yangu, mstari wa nne nyuma."

Dalali alisoma, akatabasamu. "Naijua hii, mama. Kwenda, kuwapo na kurudi. Umekwenda, umekuwapo, nimekuona kwa macho yangu ukitoka saa nane na nusu. Sasa umerudi."

"Sijarudi. Ninarudi."

"Unarudi na umekaa kwenye stuli!"

"Karatasi imeniita mimi na mawe. Mawe hayajarudi. Yakirudi, na mimi nimerudi. Hapo tutaongea lugha moja."

Mpambe mmoja akapiga makofi. "Bosi, mama amepanda mawe kama basi, anangoja kituo!"

Wakacheka. Sonara hakucheka, mkono wake ulikuwa umeifikia nyundo ndogo ya shaba. Mama Ratili hakumtazama hata kidogo. "Sonara, weka hiyo chini, mdogo wangu. Chukua kalamu."

"Dada, hawa watakuchukua hivi hivi?"

"Watanichukua kwa kuandikwa. Nipe robo saa tu, bwana dalali, nipime nitie saini."

"Hata dakika."

"Haya." Alivuta daftari. Safu ya kwanza ilisema YALIYOTOKA, na ndani yake mawe yote matano yalikuwa na saa ya asubuhi na saini mbili. Safu ya pili ilisema YALIYORUDI, nayo ilikuwa tupu. Akaandika humo kwa herufi zake za kusimama wima: "Hayajarudi. Mwenye mawe amekamatwa akiwa katika kuyarudisha, saa tisa na dakika kumi na mbili." Akatia saini.

Hapa dalali alifanya kosa ambalo mtu asiye dalali asingelifanya. Kazi ile ina hofu moja kubwa: kuambiwa umeingia nyumba ya watu ukatoka na kitu. Aliyatazama mawe ya shaba yanavyong'aa, akawatazama wapambe wake. "Haya mawe yasije yakapotea halafu nikaitwa mwizi."

"Basi shuhudia kwamba umeyaacha," alisema Mama Ratili. "Hapo pana nafasi ya saini ya pili."

Dalali akachomoa kalamu iliyo bora kati ya zile mbili, akatia saini ndefu yenye mkia uliozunguka mara tatu, na chini yake muhuri wake wa mfukoni, kwa bashasha ya mtu aliyejilinda. Aliyoyatilia saini hakuyasoma, kwa kuwa aliyaona yakiandikwa na kuyahesabu kuwa kiburi cha mwanamke.

Mama Ratili alifunika kasha. "Sonara, mkono wa mtu usiguse humu. Chukua daftari, umpelekee wakili wa wakulima. Ana kesi nyingine leo, yuko mahakamani bado. Mwonyeshe safu ya pili. Usimweleze sana, anajua kusoma."

Walipotoka nje, mpambe alimshika mkono juu ya kiwiko. "Niache nitembee," alimwambia. "Mimi si gunia." Akatangulia mbele, wao nyuma, kiasi kwamba asiyejua angedhani yeye ndiye anayewapeleka. Muuza rangi alisimama mlangoni kwake. "Mama Ratili! Kulikoni?"

"Naenda kupimwa!"

Huo ulikuwa mzaha wa barabarani. Katika chumba cha mahabusu, kwenye benchi la saruji lenye ubaridi wake, mzaha ulikwisha. Alimuuliza dalali ni lini atafikishwa mbele ya hakimu wa ile mahakama ya pili. "Hakai mahakamani kesho," alijibu dalali, akikwepa macho yake. "Keshokutwa, Mungu akipenda."

Ndipo akaelewa. Wao hawakuwa na haja ya mizani. Walichotaka ni kesho, saa tatu asubuhi, jina lake liitwe mara tatu kwenye korido na asiwepo wa kuitika. Wakulima mia na kitu walioacha mashamba yao kuja kukaa kwenye yale mabenchi wangesikia "ushahidi umefutwa", na ile kumi na nane na nusu waliyoiona kwa macho ingekuwa kama haikuonekana. Alikaa mikono juu ya magoti. Kwa mara ya kwanza siku ile, vidole vilikuwa vinamtetemeka, akavitazama kama anavyotazama mshale, akisubiri vitulie.

Wakili wa wakulima alikuwa mwanamke kijana wa kuzungumza haraka. Sonara alimkuta kwenye ngazi za mahakama, akafungua daftari kwenye safu ya pili. Wakili alisoma mara moja, akasoma saini ya pili, akauliza, "Huyu ni nani mwenye mkia?"

"Ni dalali mwenyewe."

"Ametia saini kwamba amemkamata akiwa katika kurudisha?"

"Na muhuri."

Wakili akakaa pale pale kwenye ngazi. Aliandika maombi ya dharura kwa mkono juu ya paja lake, na kiapo cha Sonara ukurasa mmoja. Aliomba mambo matatu: shahidi aachiwe mara moja, ukamataji utanguliwe, na dalali aitwe aeleze kwa nini asiadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Hakukimbilia ile mahakama iliyotoa hati ya kukamata. Aliyeitwa na mahakama hii, kinga yake ni ya mahakama hii. Mlango wa kubisha ni ule ule uliomwita. Karani alipeleka karatasi ndani. Saa kumi na dakika ishirini hakimu alikaa tena, Mama Ratili akaletwa, na Mwalimu, aliyepata habari kwa muuza rangi, aliingia akihema, vifungo vya shati vimepishana.

Wakili wa Mwenye Ghala alianza kwa upole. "Mheshimiwa, sheria inamlinda shahidi anaporudi. Haimlindi milele. Kurudi ni safari, na safari ina mwisho. Shahidi huyu alifika mahali pake pa kazi salama, akakaa kwenye stuli. Kama kukaa kwenye stuli ni kurudi, basi sote humu ndani tunarudi."

Kicheko kilipita. Hakimu hakucheka. "Shahidi, ulikuwa umekaa?"

"Nilikaa, Mheshimiwa. Mawe yalikuwa na joto."

"Fafanua."

"Uliniita nije na mawe yaliyothibitishwa. Jiwe lililothibitishwa likitoka nje limeacha uthibitisho wake mlangoni. Linaweza kugongwa, linaweza kuloa, mtu anaweza kulishika kwa mkono wenye mafuta. Ili niape kesho kwamba mawe niliyokuonyesha leo yalikuwa ya kweli, sharti yapimwe leo hii baada ya kutoka kwako. Bila hivyo, bwana wakili angeniuliza kesho, 'Utajuaje kama hayakuharibika?' Na angekuwa na haki."

Hakimu akamgeukia wakili. "Ungeuliza hivyo?"

Wakili alikuwa na karatasi ya maswali mkononi, na watu wa mbele wanasema swali hilo lilikuwa la kwanza. "Ningeweza kuuliza, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo kazi niliyomwitia ilikuwa bado haijaisha, na wewe ulijua." Hakimu alivuta daftari la karakana karibu. Alipitisha kidole kwenye kurasa za nyuma, mwaka baada ya mwaka: yaliyotoka, yaliyorudi, saini mbili, saini mbili. Hakuna mahali ambapo kurudi kuliandikwa saa ile ile ya kufika. Kila mara palikuwa na tofauti ya robo saa, nusu saa. Alifika ukurasa wa siku ile. "Bwana dalali, hii saini ni yako?"

Dalali alisogea mbele. "Ni yangu, Mheshimiwa, lakini niliitia kwa ajili ya usalama wa mali."

"Soma ulichokitilia saini. Kwa sauti."

Dalali akasoma. Alipofika "akiwa katika kuyarudisha", sauti yake ilishuka, akalazimika kurudia kwa sababu karani alisema hakusikia.

Uamuzi uliandikwa na kusomwa pale pale. Hakimu alieleza kwanza kwamba kinga hii si kichaka cha wahalifu. Mwenye kutuhumiwa kwa jinai hujibu jinai yake. Lakini hati ya madai haiwezi kutumiwa kumvizia mtu aliyeitwa na mahakama, kwa sababu siku mashahidi watakapoogopa njia ya kurudi, hakuna atakayeikanyaga njia ya kwenda. Kurudi, alisema, hakupimwi kwa hatua za miguu wala kwa stuli. Kunapimwa kwa kazi aliyoitiwa shahidi na kwa muda wa busara wa kuimaliza. Ukamataji ukatanguliwa. Shahidi yu huru tangu dakika ile, na akitaka, ana haki ya kudai fidia kwa kuzuiliwa isivyo halali, dhidi ya aliyemkamata na aliyemtuma.

Kisha akaweka kalamu chini. "Kiswahili chetu kina kurudi kwa msafiri na kina kumrudi mtoto aliyekosea. Kule kwa kwanza nimemaliza. Bwana dalali, simama wima, sasa naja kwenye kule kwa pili."

Safari hii hata karani alicheka. Dalali aliamriwa kuomba radhi hadharani, kulipa gharama za maombi, na kufika wiki ijayo kujieleza kuhusu leseni yake. Aliomba radhi akimtazama Mama Ratili kwenye viatu. "Nisamehe, mama. Nilidhani..."

"Ulisoma mstari wa nne," alisema Mama Ratili. "Mtu aliyesoma hana 'nilidhani'."

Neno 'huru' lilipotamkwa, saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na moja na dakika nne. Mama Ratili aliiangalia mwenyewe, kwa mazoea. Kabla jua halijashuka mawe yote matano yalikuwa yamepimwa, mshale ukatulia katikati mara tano, na Mwalimu, ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kuruhusiwa kukaribia ile meza, alisimama mlangoni akizuia pumzi ili asiutikise.

Asubuhi yake, saa tatu, jina liliitwa kwenye korido mara moja tu. Mara ya pili haikuhitajika.

Wakili wa Mwenye Ghala alikuwa na karatasi ile ile ya maswali, lakini nusu yake ilikuwa imekatwa kwa mstari. Aliuliza swali la kwanza, kuhusu tarehe ya kuthibitishwa kwa jiwe mama, akajibiwa. Akauliza la pili, kama fundi hukosea. "Hukosea, bwana wakili. Ndiyo maana tunatia saini wawili." Kisha akajaribu la tatu, akiinua sauti ili mabenchi yasikie.

"Jana ulikamatwa, ukawekwa mahabusu. Ukatoka huko ukaenda kupima mawe. Mikono yako haikutetemeka?"

"Ilitetemeka."

Wakili akageuka kidogo kuelekea kwa hakimu. "Ilitetemeka. Na bado unataka mahakama iamini vipimo vya mikono inayotetemeka?"

"Bwana wakili, mkono unaweka jiwe, kisha unaondoka. Mizani inabaki peke yake. Ungekuwa mkono wangu ndio unaosoma, ungekuwa na kesi. Lakini huwezi kuutisha mshale. Haujui mahabusu ni nini."

Wakili alikaa. Hakimu aliandika jibu lote, kisha akasema, "Shahidi amemaliza." Kwenye mabenchi mama mmoja mkulima aliachia kigelegele, akanyamazishwa na karani, akaziba mdomo kwa kanga yake akiendelea kukitoa kimya kimya.

Nje, chini ya ngazi, Mama Ratili alikuwa amenuna.

"Sasa kuna nini?" aliuliza Mwalimu. "Umeshinda."

"Maswali matatu tu! Mimi nilijiandaa kwa thelathini. Nilikuwa na jibu la unyevu, nina jibu la kutu, nina jibu zuri sana la upepo wa dirishani. Hakuuliza la upepo."

"Nitakuuliza mimi nyumbani."

"Wewe hutaelewa jibu."

Wakili wa wakulima alishuka akiwa na karatasi mpya: madai ya fidia dhidi ya dalali na Mwenye Ghala. Mwalimu aliitazama, akamvuta mkewe pembeni. "Mke wangu, yamekwisha. Ameomba radhi mbele ya watu. Tukiendelea watasema tunapenda kesi."

Mama Ratili alivua miwani akaifuta. "Mimi jana nilikuwa na daftari. Nilikuwa na Sonara mwenye miguu. Nilikuwa na wewe wa kunigeuzia karatasi. Wangapi kati ya wale waliokaa mle ndani wanaweza kusoma mstari wa nne? Yule dalali amepata aibu, na aibu huoshwa ikatoka. Mwenye Ghala hata hakufika kuona. Aliyemtuma mwenzake asipoguswa, msimu ujao atamtuma mwingine, mwenye kalamu moja na akili mbili."

Mwalimu alifikiri. Kisha akafungua vifungo vyake na kuvifunga upya, kama mtu anayejiandaa kupigwa picha. "Basi isome kabla hujatia saini."

"Ulifikiri nitafanyaje?"

Aliisoma akiwa amesimama, mbele na nyuma. Jina sawa. Tarehe sawa. Mahali pa kukamatwa sawa. Kwenye aya ya sita alisimama, akaweka ukucha.

"Mwanangu, hapa umeandika nilizuiliwa kwa takriban saa mbili."

"Ndiyo, mama. Ndivyo tunavyoandika. Na kwa fidia, kuongeza kidogo hakudhuru."

Mama Ratili alimtazama kwa macho yale ambayo wauza nafaka wa mji mzima waliyajua. "Alinikamata saa tisa na dakika kumi na mbili. Nimeachiwa saa kumi na moja na dakika nne. Hiyo ni saa moja na dakika hamsini na mbili. Mtu anayepunja kilo moja na nusu nimemleta mahakamani. Mimi nipunje dakika nane?"

"Mama, hakuna atakayehesabu."

"Nimehesabu mimi. Futa hilo 'takriban'."

Wakili alilifuta, akaandika juu yake saa moja na dakika hamsini na mbili, na kwa kuwa sheria inataka kila rekebisho lithibitishwe, wote wawili wakatia saini pembeni.